Karavani Nyuma ya Gari la Umeme: Oslo hadi Trondheim kwa Barabara ya E6

Siku ya maandalizi, Oslo

Gari ni Tesla Model Y ya mota mbili, betri yenye takriban kilowati-saa 75 zinazotumika. Kwa Ulaya gari hili limeruhusiwa kuvuta tela lenye breki hadi kilo 1,600, na uzito unaolalia ndoano usizidi kilo 100. Karavani, yaani tela lenye chumba cha kulala, ni ya ekseli moja: upana mita 2.3, kimo mita 2.6, na kibati chake kinasema uzito wa juu ni kilo 1,500. Njia ni E6 kupitia bonde la Gudbrandsdalen na mlima wa Dovrefjell, karibu kilomita 540. Iko njia nyingine, Rv 3 ya Østerdalen, ambayo ni fupi kwa kilomita 40 hivi na malori mengi hupita huko. E6 imechaguliwa kwa sababu miji imefuatana bondeni na kila mji una kituo cha chaji ya kasi. Ukivuta mzigo, ramani yako ni vituo. Kilomita zinakuja baadaye.

Kazi ya kwanza ni mizani. Karavani hii ikiwa tupu ina kilo 1,230. Weka mtungi wa gesi, hema la mbele, meza, viti, vyombo na chakula, inafika 1,420 bila mtu kuhisi ameongeza chochote cha maana. Maji ya tangi, lita 40, yamemwagwa: hizo ni kilo 40 za bure, na maji yapo kila kambi. Vitu vizito vimepangwa sakafuni juu ya ekseli, kidogo kuelekea mbele. Hakuna kizito kilichowekwa nyuma kabisa, maana uzito wa mkiani ndio unaoifanya karavani ianze kuyumba ikishika kasi.

Uzito wa ndoano hupimwa kwa mizani ya kawaida ya kujipimia: kipande cha mbao kinasimamishwa juu ya mizani, kichwa cha karavani kinashushwa juu ya mbao kwa kimo kilekile cha ndoano, gurudumu dogo la mbele likiwa limeinuliwa. Inasoma kilo 85, sawa na asilimia 6 ya uzito wa karavani. Hapo ni pazuri. Chini ya asilimia 4 ungepata mkia unaocheza. Juu ya kilo 100 ungevunja masharti ya gari. Na kilo hizo 85 zinahesabiwa kama mzigo wa gari lenyewe, jambo ambalo wengi hulisahau. Magari ya umeme yamebeba betri nzito tayari, kwa hiyo nafasi ya mzigo iliyobaki ni ndogo kuliko inavyoonekana kwa macho. Watu wanne wazima, masanduku yao na kilo 85 za ndoano vinaweza kumaliza ruhusa yote kabla buti halijajaa.

Leseni nayo iangaliwe. Nchini Norwe, kama kwenye Umoja wa Ulaya, leseni ya daraja B inaruhusu gari na tela vyenye jumla ya uzito wa juu unaoruhusiwa wa kilo 3,500, kama tela limezidi kilo 750. Gari la kilo 2,400 na karavani ya 1,500 ni 3,900. Hapo panatakiwa B96, nyongeza ya daraja B inayofika 4,250, au BE, daraja la tela zito zaidi. Askari anasoma vibati. Kwamba leo hukupakia sana haikusaidii kitu.

Plagi ni ya pini 13. Ikichomekwa, gari linaingia lenyewe kwenye hali ya kuvuta tela: usukani wa kujiendesha unazimwa, vihisi vya nyuma vinazimwa, na mfumo wa kuzuia kuyumba unajua kwamba kuna kitu nyuma. Usiondoke kabla ya kuona alama hiyo kwenye skrini. Pini ya 9 inabeba umeme wa kudumu, pini ya 10 umeme unaokuja gari likiwa limewashwa tu. Friji ya karavani hutegemea ya 10. Ipimwe kwa mita kabla ya safari, maana kuna seti za waya zilizofungwa na mafundi bila kuunganisha pini hiyo, na dalili yake utaiona jioni, maziwa yakiwa yamechacha.

Sasa hesabu yenyewe, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kiangazi, barabara tambarare, bila upepo. Gari peke yake linakula kilowati-saa 14 hadi 15 kwa kilomita 100. Likivuta tela la chini lililofunikwa turubai, lisilozidi kimo cha gari, lenye kilo 1,400, linakula karibu 23. Likivuta karavani yenye kilo zilezile 1,400, linakula 37 hadi 38. Uzito ni mmoja, barabara ni moja, tofauti ni 14. Tofauti hiyo yote ni hewa inayosukumwa na ukuta wa mbele wa karavani. Anayetaka kujua kama gari la umeme linafaa kuvuta, aulize kwanza umbo la kinachovutwa, kisha kilo.

Kwa hiyo betri ya kilowati-saa 75, ikitumika kutoka asilimia 80 hadi 15, inatoa kilomita 130 za karavani. Mpango mzima umejengwa juu ya namba hiyo.

Siku ya kwanza: Oslo, Hamar, Lillehammer, kilomita 185

Betri asilimia 100, imechajiwa usiku nyumbani. Kabla ya kuondoka: mkono wa kichwa cha ndoano umeshuka na alama ya kijani inaonekana, waya wa dharura, unaovuta breki za karavani ikichomoka, umefungwa kwenye kitanzi chake na haukuzungushwa tu juu ya ndoano, gurudumu dogo limepandishwa na kukazwa, taa zote, hasa breki na viashiria, zimejaribiwa na mtu aliyesimama nyuma. Kichwa cha karavani hii kina pedi za msuguano za kuzuia kuyumba, hivyo tufe la ndoano, la milimita 50, limefutwa likawa kavu kabisa. Grisi ambayo ni dawa kwa ndoano za kawaida, hapa inaharibu pedi.

Norwe inaruhusu kilomita 80 kwa saa kwa tela lenye breki, hata pale E6 kaskazini ya Oslo inapowapa wengine 110. Ni sheria, na pia ni uchumi. Kwa 70, mkokoteni huu unakula karibu 32 kwa kilomita 100. Kwa 80, karibu 37. Kwa 90, wenye kuvunja sheria wanakula 44. Kutoka 80 kwenda 90 unaokoa dakika nne hivi kwa kila kilomita 50, halafu unazirudisha zote kwenye chaja.

Baada ya kilomita 50, kituo kifupi. Nati za magurudumu ya karavani zinakazwa tena kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu, kwa sababu baada ya gurudumu kufunguliwa au karavani kulala msimu mzima, nati hulegea katika kilomita za mwanzo. Mkono unawekwa karibu na kitovu cha kila gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Upande mmoja ukiwa wa moto usiovumilika na mwingine wa baridi, breki imeng'ang'ania au beringi inakufa, na safari inaishia hapo mpaka ifunguliwe.

Tunaingia Hamar, kilomita 125, na asilimia 37. Hapa ndipo ugumu halisi wa kuvuta kwa umeme unapoonekana, nao haumo ndani ya gari. Tundu la chaji la gari hili liko nyuma kushoto, pembeni mwa taa. Nafasi za kituo zimepangwa za kurudi kinyumenyume, na waya ni mfupi. Ukiwa na karavani nyuma huwezi kurudi mpaka kwenye chaja. Ukiingia kwa mbele, waya haukufikii. Magari yenye tundu puani au ubavuni mbele, kama Kia Niro au Audi Q8 e-tron, yana ahueni: yanaingia kichwa kwanza na karavani inabaki imechungulia nyuma, ikiwa nyuma pana nafasi. Wanaonunua gari la umeme kwa nia ya kuvuta walitazame tundu hilo kwa makini kama wanavyotazama ukubwa wa betri.

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza, nafasi ya kupita moja kwa moja, kama pampu ya mafuta. Vituo kadhaa vinazo, na ramani za programu za chaji mara nyingi huonyesha picha, kwa hiyo zitazame usiku uliotangulia. Ya pili, kuegesha kwa ubavu mbele ya chaja mbili au tatu. Unafunga nafasi za watu wengine, na kituo kikijaa hilo ni kosa, hata kama wengi hulifanya. Ya tatu, kufungua karavani. Hamar tunafungua:

Egesha gari na karavani kwa mstari ulionyooka mahali tambarare, pasipo njia ya malori. Vuta breki ya mkono ya karavani mpaka mwisho. Weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu. Teremsha gurudumu dogo mpaka likanyage chini. Chomoa plagi, kisha waya wa dharura. Inua mkono wa kichwa, na ukiushikilia hivyo zungusha gurudumu dogo mpaka kichwa kiachane na tufe. Sogeza gari mbele mita moja, shuka, tazama tena kabari. Funga kufuli ya kichwa, maana karavani isiyo na gari ni rahisi kuibwa kuliko baiskeli.

Kwa mikono iliyozoea ni dakika kumi kufungua na kumi kufunga. Chaji kutoka 37 hadi 80 ni kilowati-saa 32, dakika kama 22. Kituo kimoja kinakula dakika 45 hivi, na karibu nusu yake haihusiani na umeme kabisa.

Kufika Lillehammer: kilomita 60, asilimia 50 imebaki.

Kambi ina nguzo za umeme za volti 230 zenye plagi ya buluu ya pini tatu, fyuzi ya ampea 10. Uliza mapokezi kabla ya kuunganisha gari. Kambi nyingi zinakataza, nyingine zina bei yake, na nyingine zina chaja za magari pembeni. Ukiruhusiwa, teremsha mkondo wa chaja ya mkononi hadi ampea 8. Fyuzi ya ampea 10 inayobebeshwa 10 kwa saa kumi na moja mfululizo hupata moto na kuanguka saa nane usiku, na jirani anayetumia nguzo hiyohiyo anaamka kwenye baridi. Ampea 8 kwa saa kumi na moja ni kilowati-saa 20, na baada ya upotevu zinaingia 18 hivi: asilimia 24. Waya wa kurefusha ukunjuliwe wote kutoka kwenye roli, maana ukibaki umeviringwa unajipika wenyewe. Na gari lisichajiwe kamwe kutoka soketi ya ndani ya karavani. Waya zake ni nyembamba na zimewekwa kwa ajili ya birika na taa.

Sehemu kubwa ya Norwe inatumia mtandao wa umeme usio na waya wa nyutro, unaoitwa IT. Chaja za mkononi zilizonunuliwa nchi nyingine huweza kuonyesha taa nyekundu na kusema hakuna athi, yaani waya wa ardhi, wakati nguzo ni nzima. Chaja iwe ile inayokubali mtandao huo. Kuchokonoa athi kwa ujanja ni kucheza na maisha ya watu.

Siku ya pili: Lillehammer, Otta, Dombås, kilomita 158

Betri asubuhi: 74. Na hapa ndipo penye siri inayookoa muda kuliko zote: gari linakwenda kituo cha kasi mjini peke yake, karavani ikiwa bado imeegeshwa kambini na watu wanakunywa chai. Hakuna kufungua wala kufunga kwa ziada, nafasi yoyote inafaa, na linarudi na 95. Jioni inafaa vilevile. Kila chaji inayoweza kufanyika kabla ya kufunga karavani ifanyike wakati huo.

Lillehammer na Dombås zilikuwa miongoni mwa vituo sita vya kwanza vya Tesla barani Ulaya, vilivyofunguliwa Norwe mwaka 2013. Nchi hii imekuwa na muda mrefu wa kuzoea, na mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyosajiliwa yalikuwa ya umeme tupu. Hata hivyo, vituo vya zamani vilichorwa kwa gari lisilo na kitu nyuma. Kwa hiyo usichague kituo kwa ukubwa wa kilowati zake. Chaja ya kilowati 150 unayoingia na kutoka bila kufungua inakushinda ile ya 300 unayofungulia karavani.

Bonde la Gudbrandsdalen linapanda bila kuonekana. Lillehammer iko mita 180 juu ya bahari, Otta karibu 290, Dombås karibu 660. Kwa gari na karavani vyenye tani 3.6 kwa pamoja, kila mita 100 za kupanda zinagharimu takriban kilowati-saa 1.1 kutoka kwenye betri. Lillehammer hadi Dombås ni mita 480, yaani kilowati-saa 5.3 kwa siku nzima. Hewa na msuguano wa tairi kwa kilomita hizo 158 ni 59.

Otta, kilomita 112: asilimia 38. Kituo kina nafasi ya kupita moja kwa moja, hakuna kilichofunguliwa, na baada ya dakika kama ishirini tunaondoka na 75. Wakati wa kuchaji, friji inabadilishwa itumie gesi ikiwa gari limesimama muda mrefu, ila si kituoni penye pampu za mafuta: moto wa friji ya gesi ni moto ulio wazi, na mahali hapo ni marufuku. Njiani friji inavuta wati 150 hivi kutoka gari, kiasi kisicho na uzito kwenye hesabu.

Dombås saa tisa alasiri, asilimia 47. Karavani inaegeshwa, kisha gari linakwenda kuchaji peke yake hadi 80. Kwa nini si 100? Jibu liko kesho.

Siku ya tatu: Dombås, Dovrefjell, Oppdal, kilomita 83

Kabla ya chochote, utabiri wa upepo kwenye yr, huduma ya taasisi ya hali ya hewa ya Norwe, na hali ya barabara kwa mamlaka ya barabara. Wakati wa baridi mlima huu hufungwa au magari hupelekwa kwa msafara nyuma ya greda la theluji, na karavani haina kazi huko. Kiangazi tatizo ni upepo tu. Leo unavuma kutoka kaskazini, mita 5 kwa sekunde: upepo wa mbisho, uso kwa uso.

Upepo huo mtu akisimama nje anauona wa kawaida. Nywele zinapepea, basi. Kwa karavani inayokwenda 80, hewa sasa inakuja kama vile inakwenda karibu 100, na msukumo wa hewa unaongezeka kwa nusu. Hesabu inapanda kutoka 37 hadi 48 au 49 kwa kilomita 100. Nyongeza hiyo kwa kilomita 100 inalingana na kupanda mita 1,000 na zaidi kwa gari hilihili. Kilele cha E6 hapa Dovrefjell ni mita 1,026 juu ya usawa wa bahari. Yaani upepo mwepesi wa mbele kutwa nzima una gharama sawa na kuupanda mlima wote kuanzia ufukweni.

Ndiyo maana tunashusha mwendo hadi 70 na kuondoka mapema, kabla upepo wa mchana haujashika. Vituo vya kupishana vinatumika: magari matano yakijipanga nyuma, tunaingia pembeni na kuyaacha yapite.

Mlima wenyewe unaanza papo hapo nje ya Dombås. Kilomita kumi za kwanza zinakupandisha mita 300 hivi kuelekea Fokstugu. Kwenye kipande cha asilimia 5, kwa mwendo wa 70 na hewa tulivu, betri inatoa takriban kilowati 60, na skrini inaonyesha matumizi ya 85 kwa kilomita 100. Leo, na upepo, yanapita 90. Dereva mgeni akiona namba hiyo anaogopa na kutaka kurudi. Asirudi. Kipande hicho ni kifupi, na mota zenye uwezo mara kadhaa ya huo hazijatoka jasho: hakuna rejeta inayochemka, hakuna klachi inayonuka, hakuna gia inayotafutwa kwenye kona. Kwa kazi ya kupanda na mzigo, gari la umeme linalishinda la dizeli bila ubishi. Kuondoka kwenye mteremko kwa reverse, kusogeza kwa sentimita mbili mbili hadi kwenye tufe, vyote ni rahisi zaidi kwa mota isiyohitaji kunguruma.

Juu, uwanda wa Hjerkinn uko wazi na upepo unapata nafasi ya kugonga ubavu. Mikono miwili kwenye usukani. Lori likija upande wa pili, kwanza linasukuma karavani nje, halafu linaivuta ndani. Usilijibu kwa kukata usukani. Karavani ikianza kuyumba, usukani ubaki umenyooka, mguu uondolewe polepole, mfumo wa gari ushike breki wenyewe. Kuongeza kasi ili "kuinyoosha" ni ushauri wa zamani uliopindua wengi.

Kisha mteremko, na hapa kuna maarifa ambayo kitabu cha gari hakiyaelezi vizuri.

Karavani ya Ulaya ina breki ya msukumo. Haina waya wa breki kutoka gari. Gari likipunguza mwendo, karavani inakuja mbele, inasukuma bomba la kichwa cha ndoano kuingia ndani, na bomba hilo linavuta nyaya za breki za magurudumu yake. Sasa gari la umeme linapunguza mwendo kila unapoachia pedali, kwa sababu mota zinageuka jenereta. Ukiachia ghafla, karavani inasukuma, breki zake zinashika, na nishati uliyotaka irudi betrini inaishia kuwa joto kwenye ngoma za karavani. Fanya hivyo kwa kilomita ishirini za mteremko na utasikia harufu. Dawa ni mguu mwepesi: pedali iachiwe nusu, gari lishikilie mwendo bila kuukata, bomba la kichwa libaki limenyooka. Ukifika chini gusa vitovu. Ngoma zikiwa za vuguvugu, umeendesha vizuri.

Kuna kizingiti kizuri kukijua. Kwa mwendo wa 80 na hewa tulivu, mkokoteni huu unajiendesha wenyewe bila kula wala kurudisha umeme kwenye mteremko wa karibu asilimia 3.3. Mteremko ukiwa mdogo kuliko huo bado unakula, ila kidogo. Ukiwa mkali zaidi, umeme unarudi. Bonde la Drivdalen kushuka Oppdal lina sehemu nyingi za wastani, kwa hiyo usitegemee kuona betri ikipanda; utaona tu matumizi yakianguka hadi 20 au 25. Kutoka kileleni hadi Oppdal, iliyo mita 545 juu ya bahari, mvutano wa ardhi unatoa chini ya kilowati-saa 5. Ni zawadi, lakini ndogo.

Na hilo ndilo jibu la swali la jana. Betri iliyojaa asilimia 100 haipokei umeme. Ukianza mteremko mkali imejaa, breki ya mota haipo kabisa na kila kitu kinabebwa na pedi na ngoma. Dombås hadi kileleni kungemaliza sehemu ya betri kwa hali yoyote, lakini mazoea ya kulala juu ya mlima na kuchaji mpaka 100 usiku kucha ni mazoea ya hatari.

Oppdal: asilimia 32. Kwa hewa tulivu na mwendo wa 80 ingekuwa karibu 39. Mwendo wa 70 umeokoa karibu nusu ya kile ambacho upepo ungechukua. Kwa 80 tungefika na 26.

Siku ya nne: Oppdal, Støren, Trondheim, kilomita 120

Siku fupi. Kuondoka na 80, kushuka mita 500 na zaidi kwa jumla, upepo umelala, kilowati-saa 40 zimetumika, Trondheim asilimia 26 bila kusimama popote kuchaji. Njiani kuna kona na vipande vyembamba ambapo karavani pana inakaribia mstari wa kati. Vioo vya nyongeza pembeni vinafanya kazi yake hapo.

Kuegesha karavani mjini ni kazi ya watu wawili. Vihisi vya nyuma vimezimwa na kamera inaonyesha ukuta wa karavani tu. Mmoja anakuwa utingo nyuma upande wa dereva, anayeonekana kwenye kioo muda wote. Asipoonekana, gari linasimama.

Hesabu ya njia nzima, pamoja na siku ya upepo, ni karibu kilowati-saa 210, wastani wa 38 au 39 kwa kilomita 100. Safari iliyozoeleka kumalizwa kwa siku moja na gari tupu imechukua siku nne, na kwa mwendo wa haraka ingewezekana kwa mbili. Kwa familia inayolala kwenye kambi kila jioni, mpango huu haupotezi kitu. Kwa mtu anayepaswa kufika na karavani leoleo, kila siku, gari hili bado si lake. Atafute lenye betri ya kilowati-saa 100 na ruhusa ya kilo 2,500, kama Kia EV9, au aache ukuta wa mita 2.6 na achukue karavani ya paa linalokunjwa, inayokaa chini ya kimo cha gari njiani. La pili ni rahisi zaidi na linaokoa zaidi.

Kabla ya kurudi kusini: hewa ya tairi za karavani ipimwe zikiwa za baridi, tarehe kwenye ubavu wa tairi isomwe, na tairi lililopita miaka sita libadilishwe hata kama meno yake ni mapya, kwa sababu karavani husimama juani miezi mingi na mpira hukauka kabla haujalika. Kisha nati, kilomita 50 baada ya kuondoka.